Alama juu ya mitokondria mbovu, na neva inayokufa bila kujua

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mliokaa mbele, wauguzi, wanafunzi, na hasa ninyi mliokuja kwa sababu nyumbani kuna baba au mama ambaye mkono wake hautulii: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mitokondria, yaani vile viungo vidogo vya ndani ya seli vinavyotengeneza nishati, na magonjwa ya neva. Mada hiyo ni pana mno, kwa hiyo nimeipunguza. Nitazungumzia alama. Ndani ya seli kuna protini ndogo ambayo kazi yake ni kubandikwa juu ya protini nyingine, na ikibandikwa panapostahili, kitu kilichobandikwa huondolewa. Isipobandikwa, kitu hicho hubaki na kuendelea kuharibu. Nimekuja kutetea hoja moja: katika sehemu fulani ya ugonjwa wa Parkinson, kinachoiua neva si mitokondria iliyoharibika, maana hizo zimo ndani yetu sote. Ni mitokondria iliyoharibika ambayo seli haikuipiga alama. Nimesema sehemu fulani ya ugonjwa, si wote, na baadaye mtaona kwa nini nang'ang'ania hapo.

Kwanza ushahidi kwamba mitokondria zinahusika. James Parkinson aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817: mtetemeko, mwili kuinama, miguu inayokimbilia mbele mwenyewe asipotaka. Ilichukua muda mrefu sana kujua ni seli zipi zinazokufa, na muda mrefu zaidi kujua kwa nini. Mwaka 1982, huko California, vijana kadhaa walifikishwa kwa madaktari wakiwa wamekakamaa. Macho yanaona, masikio yanasikia, mwili hautii. Walionekana kama wazee walioishi na Parkinson kwa miaka mingi, ilhali hali hiyo ilikuwa imewaingia kwa siku chache tu. Walikuwa wamejidunga heroini ya bandia iliyotengenezwa vibaya. Daktari William Langston na wenzake waliufuatilia uchafu uliokuwamo mpaka wakaukuta: kemikali iitwayo MPTP.

Njia inayopita kemikali hiyo inastahili kuangaliwa hatua kwa hatua. Ikifika ubongoni, kimeng'enya kiitwacho MAO-B huigeuza kuwa MPP+. MPP+ huingia katika seli za dopamini, zile zinazokufa katika Parkinson na ambazo hutoa dopamini, kemikali ya ubongo ya kuongoza mwendo, kwa kupitia mlango uleule ambao seli hizo huutumia kurudisha dopamini yao ndani. Huko ndani hujikusanya kwenye mitokondria na kukaba kompleksi ya kwanza, yaani hatua ya mwanzo katika mnyororo unaotengeneza nishati. Seli nyingine haziguswi sana kwa sababu hazina mlango huo. Mwaka 1989 watafiti wa London walichunguza ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Parkinson ya kawaida, watu ambao hawakuwahi kujidunga chochote, wakakuta kompleksi ileile imedhoofika katika eneo la ubongo ambamo seli hizo za dopamini hukaa. Tangu hapo hakuna tena aliyeweza kuiacha mitokondria nje ya mjadala.

Eneo lenyewe liko katika ubongo wa kati, na ni jeusi kwa macho ya kawaida kwa sababu ya rangi inayojikusanya ndani ya seli zake. Seli hizi zina maisha magumu. Zinapiga mapigo yake zenyewe mchana na usiku bila kusubiri kuamshwa, na kila pigo huingiza kalsiamu ambayo lazima itolewe tena kwa gharama ya nishati. Halafu kuna ukubwa wake. Makadirio yaliyofanywa kutokana na vipimo vya panya yanasema kwamba neva moja ya aina hii kwa binadamu, ukiunganisha matawi yake yote, inafikia mita kadhaa, na inagusana na neva nyingine katika sinapsi zaidi ya milioni moja. Hiyo ni seli moja. Na seli hiyo haigawanyiki. Seli ya ngozi ikizeeka huachwa ikadondoka na nyingine ikashika nafasi yake. Neva ya ubongo wa kati uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozikwa nayo, ikiwa itafika.

Kwa hiyo neva haina budi kujisafisha yenyewe, sehemu kwa sehemu, huku ikiendelea na kazi. Hapo ndipo alama inapoingia.

Protini ya kubandikwa inaitwa ubikwitini. Ina asidi amino 76 tu. Ya kwako na ya hamira zinatofautiana katika nafasi 3 kati ya hizo 76, jambo linalokuonyesha kwamba kwa muda wote ambao viumbe hivi viwili vimeachana, karibu kila aliyejaribu kuibadili hakuacha kizazi. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kuonyesha jinsi seli inavyoitumia kuteua protini za kuvunjwa. Mmeshaona nyumba iliyopigwa X nyekundu ukutani. X yenyewe haibomoi hata tofali moja, lakini kila anayepita anajua kitakachofuata, na wabomoaji wakifika hawana haja ya kuuliza. Ubikwitini ndiyo hiyo X, ila ina maneno mengi kuliko X. Ubikwitini zinaweza kuungana kuwa mnyororo, na mahali zinapoungana ndipo penye ujumbe. Zikiungana kwenye lisini ya 48, yaani asidi amino lisini iliyo nafasi ya 48, ujumbe wa kawaida ni kwamba protini ipelekwe kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, ikakatwekatwe. Zikiungana kwenye lisini ya 63, ujumbe ni mwingine, mara nyingi wa kuita wasaidizi.

Kubandika nako ni kazi ya kupokezana. Kimeng'enya cha kwanza huiamsha ubikwitini, cha pili huibeba, cha tatu ndicho huamua ibandikwe wapi. Vya aina hii ya tatu tunavyo mamia mwilini. Kimojawapo kinaitwa parkini.

Parkini ilijulikana mwaka 1998, pale kundi la Japani, akiwamo Tohru Kitada, Nobuyoshi Shimizu na Yoshikuni Mizuno, lilipotafuta jeni iliyoharibika katika familia ambamo vijana walikuwa wanapata Parkinson. Nasema vijana: wengine kabla ya miaka 20, wengi kabla ya 40. Ugonjwa huu hurithiwa pale mtoto anapopata nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine mbovu kutoka kwa mama, huku wazazi wenyewe wakiwa wazima. Mwaka 2000 ikathibitika kwamba kazi ya parkini ni kubandika ubikwitini. Kubandika juu ya nini? Hilo lilibaki fumbo kwa miaka kadhaa, na orodha za protini zilizodhaniwa kulengwa na parkini zikarefuka mpaka zikakosa maana.

Mwaka 2004 jeni nyingine ikapatikana katika familia za Italia na Hispania zenye ugonjwa unaofanana sana na ule wa Japani. Hiyo ni PINK1. Nayo ni kimeng'enya, ila hakibandiki ubikwitini. Kinabandika fosfeti, kipande kidogo cha kemikali chenye fosforasi, na kinaishi kwenye mitokondria.

Aliyeunganisha jeni hizi mbili ni nzi wa matunda. Mwaka 2006 makundi mawili, moja likiongozwa na Ming Guo huko Marekani na lingine na Jongkyeong Chung huko Korea Kusini, yalitoa matokeo yanayolingana kama mapacha. Nzi asiye na PINK1 mabawa yake hukaa vibaya, misuli ya kurukia huoza kifuani, na dume hawezi kuzaa. Ukiichungulia misuli hiyo kwa darubini ya elektroni unakuta mitokondria zimevimba na kupasuka ndani. Nzi asiye na parkini ana kasoro zilezile. Sasa sikilizeni sehemu tamu: ukimwongezea parkini nzi asiye na PINK1, anapata nafuu kubwa. Ukimwongezea PINK1 nzi asiye na parkini, hapati kitu. Maana yake wawili hawa wako kwenye njia moja, na PINK1 ametangulia. Mdudu unayemfukuza kwa mkono alijibu swali ambalo mgonjwa mwenyewe asingeweza kulijibu hata angekatwa vipande.

Miaka miwili baadaye, Derek Narendra na Richard Youle pamoja na wenzao, katika taasisi za taifa za afya za Marekani, waliiona njia hiyo ikifanya kazi. Jaribio lao ni rahisi kiasi kwamba wanafunzi wangu huwa wananiuliza kwa nini halikufanywa mapema. Chukua seli za HeLa, seli za saratani zinazokuzwa maabara, ambazo karibu hazina parkini yake. Zipe parkini iliyounganishwa na protini inayong'aa. Mwanzoni mwangaza umetapakaa seli nzima, hauna umbo. Ongeza CCCP, kemikali inayoondoa chaji ya umeme kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Ndani ya saa moja mwangaza umekusanyika, umejipanga juu ya mitokondria zilizopoteza chaji. Ukizirudia seli hizo baada ya siku mbili, nyingi hazina mitokondria hata moja. Zimeliwa zote, kwa mchakato tunaouita mitofajia.

Parkini ilijuaje? Parkini haijui. Anayejua ni PINK1, na namna anavyojua ndiyo sehemu ya mada hii ninayoipenda kuliko zote.

Katika mitokondria nzima, PINK1 huanza kuingia kama protini nyingine nyingi: anapita tundu la utando wa nje, TOM, anashika tundu la utando wa ndani, TIM23, na chaji ya umeme ya utando huo ndiyo inayomvuta. Akifika pale, kimeng'enya PARL kinamkata. Kipande kilichokatwa hurudi nje na kuvunjwa na proteasomu. Yote hayo humalizika upesi, nusu saa hivi. Kwa maneno mengine, seli yenye afya inatengeneza PINK1 saa zote na kuivunja saa zote, na ukiitafuta huioni. Mtu anaweza kusema huo ni ubadhirifu. Lakini angalieni kinachotokea chaji inapopotea: hakuna cha kumvuta PINK1, kwa hiyo hafiki kwa PARL, hakatwi, anabaki amenasa mlangoni, nusu ndani nusu nje, na upande wenye kazi umeelekea nje. Kunasa kwake ndiyo habari yenyewe. Mwaka 2025 kundi la David Komander huko Melbourne lilichapisha umbo la PINK1 ya binadamu ikiwa imenasa hivyo, wawili wawili, kwenye safu ya TOM na protini za VDAC. Kabla ya hapo umbo tulilokuwa nalo lilitokana na wadudu, na mmojawapo, mtanisamehe, ni chawa wa mwilini. Kimeng'enya cha chawa kinatulia kwenye bomba la maabara kuliko chetu.

Akishanasa, PINK1 hubandika fosfeti. Wapi? Mwaka 2014 makundi matatu, la Japani, la Marekani na la Uskoti, yalifika kwenye jibu moja ambalo wachache walilitegemea: kwenye ubikwitini yenyewe, juu ya serini ya 65, yaani asidi amino serini iliyo nafasi ya 65. Alama inapigwa alama. Parkini kwa kawaida imejikunja, imejifungia, haifanyi kazi. Ikikutana na ubikwitini yenye fosfeti inaishika, inaanza kufunguka, PINK1 inaiongezea fosfeti yake kwenye serini ya 65 nayo, na sasa imeamka kabisa. Inabandika ubikwitini mpya, PINK1 anazitia fosfeti, hizo zinaita parkini nyingine. Dakika chache na utando wote wa nje umefunikwa. Ndiyo maana hakuna hali ya katikati inayodumu: mitokondria ama imeachwa, ama imefunikwa.

Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka nami nitakwenda haraka. Alama za kwanza huangukia mitofusini, protini zinazounganisha mitokondria moja na nyingine, na zikiondolewa ile mbovu haiwezi tena kuungana na nzima na kuiambukiza ubovu wake. Nyingine huangukia Miro, inayoishikilia mitokondria kwenye reli za seli, nayo ikiondoka mwendo unasimama. Kisha wapokezi wawili, NDP52 na optineurini, wanashika minyororo ya ubikwitini na kuita utando unaoizingira mitokondria nzima na kuipeleka kwenye lisosomu, kifuko cha seli cha kuyeyushia taka.

Optineurini inatutoa kidogo nje ya Parkinson. Mwaka 2010 mabadiliko katika jeni yake yalikutwa kwa watu wenye ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli, na mwaka 2015 ikafuata jeni ya TBK1, kimeng'enya kinachoitia optineurini fosfeti ili ishike vizuri zaidi. Ni njia ileile, imekatika mahali pengine, na neva zinazokufa ni nyingine. Kwa nini kukatika kwa njia moja huku kunaua seli za dopamini na kule kunaua neva za misuli, hakuna mtu aliyelieleza kwa namna iliyoniridhisha. Mjue pia kwamba optineurini na TBK1 zina shughuli nyingine nyingi, kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba ALS ni ugonjwa wa mitofajia, nukta.

Nirudi kwenye ile neva yenye mita kadhaa za matawi. Mtu makini hapa atauliza: PINK1 anaishi nusu saa, mitokondria iko kwenye ncha ya tawi mbali na kiini cha seli, atafikaje? Tupige hesabu. Usafirishaji wa haraka ndani ya neva ni kama mikromita 1 kwa sekunde. Nusu saa ni sekunde 1,800. Milimita 2 hazifiki. Jibu lilikuja mwaka 2022 katika kazi iliyoongozwa na Angelika Harbauer: neva haisafirishi PINK1 iliyokwisha kutengenezwa, inasafirisha maelekezo yake, yaani RNA, yakiwa yamefungwa juu ya mitokondria zenyewe zinapotembea. PINK1 anatengenezwa hukohuko ncha. Kila mitokondria inabeba mgongoni hukumu itakayoihusu yenyewe. Nilipousoma utafiti huo niliona ndipo ugumu wa neva hizi unapojionyesha waziwazi: mfumo unaohitaji kuwa tayari katika sehemu milioni moja, kwa miaka 70 au 80, una nafasi nyingi za kukosea.

Sasa nafika kwenye yale maneno yangu, sehemu fulani.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni panya. Mtoe panya jeni ya PINK1, au ya parkini, na neva zake za dopamini hazifi. Anazeeka vizuri tu. Kama alama ndiyo kila kitu, panya hao wangetetemeka. Hoja ya pili: mwaka 2018 kundi la Uskoti, likitumia panya ambao mitofajia yao inaonekana kwa rangi, lilionyesha kwamba katika tishu nyingi mitofajia ya kila siku inaendelea hata PINK1 asipokuwepo. Kumbe seli ina njia nyingine za kuondoa mitokondria, na hii ya PINK1 ni ya dharura. Hoja ya tatu ni CCCP yenyewe. Hakuna neva ndani ya kichwa cha mtu inayopoteza chaji ya mitokondria zake zote kwa mpigo mmoja. Na HeLa ni seli za saratani zinazoweza kuishi kwa sukari bila mitokondria. Neva ikifanyiwa hivyo inakufa kabla hujapiga picha.

Nazikubali zote tatu, na bado nasimama nilipo. Sababu kubwa ni wagonjwa. Mtu aliyezaliwa bila parkini inayofanya kazi anapata Parkinson akiwa kijana. Si panya, ni mtu, na anaishi muda mrefu kuliko panya mara thelathini na zaidi. Sababu nyingine ni kwamba fosfeti ile ya serini ya 65 sasa inaweza kupimwa kwenye tishu za ubongo baada ya kifo, na inaonekana kuongezeka kadiri umri unavyosonga, na zaidi kwa watu wenye magonjwa ya miili ya Lewy, madonge ya protini ambayo nitayarudia baadaye. Maana yake njia hii kweli inafanya kazi ndani ya vichwa vyetu, si katika sahani za maabara peke yake.

Halafu kuna habari ya panya iliyonifanya nifikiri upya kuhusu dharura ni nini. Mwaka 2019 watafiti wa Montréal waliwachukua panya wasio na PINK1 wakiwa wachanga, wakawaambukiza bakteria wa utumbo, maambukizi ya kawaida yanayopona. Panya wenye PINK1 hawakupata tatizo. Wale wasio nayo, miezi baadaye, walianza kuwa wazito wa mwendo, na levodopa, dawa ya kawaida ya Parkinson, ikawapa nafuu. Kundi hilo lilikuwa limeonyesha mapema kwamba PINK1 na parkini huzuia vipande vya protini za mitokondria visionyeshwe kwa askari wa kinga ya mwili. Kumbe panya wa maabara aliyezeeka vizuri huenda alizeeka vizuri kwa sababu aliishi pasafi.

Na hili la bakteria halikuzuka hewani. Mitokondria zilitokana na bakteria walioingia ndani ya seli nyingine zamani sana na wasitoke. Mwaka 2004 mabadiliko karibu na jeni ya parkini yalihusishwa na uwezekano wa mtu kupata ukoma, katika familia za Vietnam na kisha wagonjwa wa Brazil. Mwaka 2013 panya wasio na parkini walishindwa kujikinga vizuri na kifua kikuu, kwa sababu parkini husaidia kuwabandika ubikwitini vijidudu vilivyojificha ndani ya seli. Seli inamtazama mgeni mbaya na mitokondria mbovu kwa jicho moja. Wataalamu wa ukoma na wa Parkinson hawakai kwenye mkutano mmoja, nami nadhani wanapoteza.

Kuna jambo la miili ya Lewy linalonilazimu kuwa mkweli zaidi. Hayo ni madonge ya protini ya alfa-sinukleini, na ndiyo tunayoyakuta katika ubongo wa wengi waliofariki na Parkinson. Lakini wengi wa wale waliorithi parkini mbovu hawana madonge hayo. Ugonjwa wao huenda polepole, dawa huwafaa kwa miaka mingi, na akili kwa kawaida hubaki timamu. Inawezekana kabisa kwamba tunaita kwa jina moja magonjwa mawili au matatu ambayo yote huishia kwenye kifo cha seli zilezile.

Hapo ndipo fedha nyingi zilipopotelea. Dawa mbili za kuipa mitokondria nguvu zilijaribiwa kwa uangalifu mkubwa. Koenzaimu Q10 ilipewa katika jaribio la watu 600, kwa dozi ya miligramu 1,200 na 2,400 kwa siku, na likasitishwa kwa sababu halikuonyesha dalili ya kufaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Kreatini ilipewa katika jaribio la watu zaidi ya 1,700, nayo ikashindwa, mwaka 2015. Wapo waliosema hiyo inathibitisha kwamba mitokondria hazihusiki. Mimi naona vingine. Wagonjwa wote waliwekwa kapu moja bila kuulizwa nani njia yake ya alama ni dhaifu na nani tatizo lake liko kwingine, na dawa zenyewe hazikugusa alama. Kuilisha mitokondria ambayo ilipaswa kuwa imeshaondolewa hakuwezi kumfaa mtu.

Dawa zinazojaribiwa sasa zimelenga pengine. Ubikwitini huweza pia kubanduliwa. Juu ya utando wa nje wa mitokondria kuna kimeng'enya USP30 ambacho kazi yake ni hiyo, kubandua, na mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba ukikipunguza, mitofajia inaongezeka na hata nzi wenye PINK1 au parkini mbovu wanapata nafuu. Vizuizi vya USP30 vimeshafika hatua ya kujaribiwa kwa binadamu. Njia nyingine ni kuamsha PINK1 moja kwa moja. Mwaka 2013 kinetini, kitu kinachojulikana zaidi katika mimea, ilionyeshwa kwamba inaweza kufanya hivyo ndani ya seli. Mbivu na mbichi bado hazijajulikana. Ila mantiki yake inanipa kigezo cha kuzipimia. Kuzuia ubanduaji kunamfaa mtu ambaye ubandikaji wake upo lakini ni hafifu. Aliyepoteza parkini kabisa, sitegemei kwamba dawa ya aina hiyo itamsaidia sana, na nisingependa kuona jaribio likimweka kapu moja na wengine, kisha likishindwa tuambiwe njia yote ni batili.

Kwa hiyo kwa ninyi wenye wagonjwa nyumbani, kama ugonjwa ulianza kabla ya miaka 40, au kama kuna ndugu wawili wa tumbo moja wenye dalili, muulizeni daktari kuhusu kipimo cha jeni. Leo hakitabadili vidonge anavyomeza, maana levodopa itabaki kuwa levodopa. Kitabadili ni jaribio gani la dawa linalomhusu siku likifunguliwa, na kitaiambia familia uwezekano kwa watoto wengine. Na kuhusu vile virutubisho vinavyouzwa kwa madai ya kusafisha mitokondria: nimeulizwa mara nyingi, na jibu langu ni kwamba mpaka sasa hakuna hata kimoja kilichothibitika kuizuia Parkinson kwa binadamu. Msiuze mbuzi kwa ajili yake.

Namwona dada wa mstari wa pili ameinua mkono tangu nilipofika kwenye habari za panya. Mpeni kipaza sauti.